Mtu wa Kuja Haachi Kuwa wa Kuja

Jamii ndogo, iwe kijiji cha mbali au mtaa mmoja uliojifunga ndani ya mji mkubwa, kwa kawaida humkarimu vizuri mgeni anayepita. Hupewa kiti na maji ya kunywa, huelekezwa njia, na usiku ukimkuta hutafutiwa pa kulala, nao wenyeji huona fahari, tena kwa haki kabisa, kwa kumtendea wema mtu wasiyemjua. Mambo huanza kugeuka siku mgeni huyo anapofungua mizigo yake na ikaonekana kwamba hana safari nyingine. Mwanasosholojia wa Kijerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1908 kwamba mgeni aliyemshughulisha yeye hakuwa mpita njia anayekuja leo na kuondoka kesho, bali yule anayekuja leo na kesho akabaki. Mpita njia haombi ila wema wa siku moja. Anayebaki anaomba mahali: anaomba kiwanja, kazi, mchumba kwa ajili ya mwanawe, nafasi katika kamati, na haki ya kusema neno likasikilizwa kama neno la mtu mwingine yeyote. Wema wa siku moja haumgharimu mwenyeji kitu kikubwa, lakini nafasi zikigawanywa, hakosi mtu anayeona kwamba amepunguziwa yake.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyozidi kuyatilia shaka maelezo tuliyoyazoea. Maelezo hayo husema kwamba wenyeji humbagua mtu wa kuja kwa sababu ni tofauti nao katika lugha, dini, rangi au namna ya kulea watoto. Tofauti hizo zipo, na mara nyingi huchochea. Hata hivyo naamini mzizi uko katika mshikamano wa wenyeji wenyewe, na ni vigumu kulisema hili kwa sababu mshikamano huo ndio jambo zuri kuliko yote katika jamii ndogo. Watu wanaojuana tangu utotoni, ambao wazazi wao walizikana na kuozana, hukopeshana bila maandishi, huangaliana watoto, na huamini neno la mdomo kuliko hati. Asiyekuwamo katika kujuana huko hana pa kuanzia, na wale waliomo hawana haja ya kumtafuta, kwa kuwa maisha yao yamekwisha kukamilika bila yeye.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote ninaoufahamu ulitoka katika kitongoji cha viwanda karibu na mji wa Leicester, Uingereza, kilichochunguzwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 na mwanasosholojia Norbert Elias akishirikiana na mwalimu wa shule aliyeitwa John Scotson. Matokeo yalichapishwa mwaka 1965, na watafiti hao walikipa kitongoji hicho jina la kubuni, Winston Parva. Kulikuwa na sehemu mbili za wafanyakazi zilizopakana. Katika ile ya zamani, familia nyingi zilikuwa zimekaa hapo kwa vizazi viwili au vitatu. Ile mpya ilijengwa katika miaka ya 1930 na ikajaa watu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, baadhi yao wakiwa wameyakimbia mabomu yaliyokuwa yakiangushwa London. Uzito wa utafiti huu uko katika mambo ambayo watafiti waliyatafuta wasiyaone. Wakazi wa sehemu hizo mbili hawakutofautiana kwa rangi, taifa, lugha wala tabaka, na kazi zao na vipato vyao vilikuwa vya namna moja. Kilichowatenganisha ni kwamba hawa walitangulia kufika na wale wakafika baadaye.

Hilo peke yake lilitosha. Wapya walipoanza kwenda katika baa ya jirani kujipumzisha baada ya kazi, wenyeji waliihama baa hiyo, wakawaachia. Uongozi wa vyama na wa vilabu vya burudani ulibaki mikononi mwa familia za zamani, ambazo zilijuana na kupigiana kura bila hata kupanga. Wapya walisemwa kuwa ni wachafu, wakorofi na wasiojua kulea. Zilikuwapo kweli familia chache zenye vurugu katika sehemu mpya, na watafiti hawakulificha hilo, ila walionyesha jinsi hesabu ilivyopigwa: wenyeji waliihukumu sehemu mpya yote kwa kuwatazama wachache wake waliokuwa wabaya kuliko wote, na wakajihukumu wenyewe kwa kuwatazama wachache wao waliokuwa bora kuliko wote. Kwa hesabu ya namna hiyo, mtoto wa familia ya zamani akivunja kioo cha dirisha, ule ni utoto tu na utamtoka. Mtoto wa wapya akivunja kioo kile kile, ndivyo walivyo hao. Sidhani kama kuna jamii ndogo ambayo hesabu hii haipigwi, na ubaya wake ni kwamba hakuna uongo ndani yake unaoweza kuushika kwa mkono. Kioo kilivunjika kweli, na aliyekivunja ni mtoto wao kweli.

Kuna jambo jingine katika utafiti huo ambalo halinitoki kichwani. Mwanzoni makosa ya vijana yaliyofika mahakamani yalikuwa mengi zaidi katika sehemu mpya, na wenyeji waliyataja kila walipotaka kuthibitisha maneno yao. Kufikia mwaka wa tatu wa utafiti tofauti hiyo ilikuwa karibu imetoweka. Maoni ya wenyeji, kwa upande wao, hayakusogea hata kidogo. Waliendelea kuzungumza juu ya majirani wao kana kwamba hakuna kilichobadilika, na kwao kweli hakuna kilichokuwa kimebadilika, kwa sababu picha waliyokuwa nayo haikuwa imechorwa kwa takwimu za mahakama tangu mwanzo.

Wapya nao walianza kuyaamini kwa kiasi fulani yaliyosemwa juu yao. Hawakuweza kujibu kwa pamoja, kwa maana wao wenyewe hawakujuana. Kila familia ilikuwa imetoka kwake, na kila familia yenye heshima ilijitenga na jirani yake kwa kuogopa kuhesabiwa pamoja na wale wachache wabaya. Baadhi ya vijana wao, kwa kuwa walikwisha kuitwa wakorofi, walipata raha ya kuwakera waliowaita hivyo, na wakawapa ushahidi waliokuwa wakiutaka. Ndiyo maana huwa nahuzunika ninaposikia mtu wa kuja akishauriwa avumilie, ajitahidi, ajichanganye, na siku moja atakubalika. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini unamtwika mzigo mtu asiye na uwezo wa kuutua. Anaweza kuwa mwema kwa miaka yote atakayoishi hapo, na wema wake ukahesabiwa kuwa ni wa yeye peke yake, huku kosa la mwenzake mmoja likihesabiwa kuwa ni la wote.

Maneno ndiyo chombo kikuu cha kazi hii. Elias na Scotson waliona kwamba masengenyo ya wenyeji yalikwenda pamoja na sifa, sifa zikiwaendea wa ndani na lawama zikiwaendea wa nje, na kwamba watu walioshikamana sana ndio waliokuwa na njia nyingi zaidi za kuyasambaza, kwa sababu walikutana kila siku kazini, kanisani, vilabuni na mlangoni pa jirani. Habari mbaya juu ya mtu wa nje hupokelewa bila kuulizwa imetoka wapi. Anayeileta hupata usikivu na tabasamu, na anayeitilia shaka huanza kutazamwa yeye. Hapo ndipo ninapoona hatari iliyo kubwa zaidi: mwenyeji mwenye moyo wa haki, anayejua kwamba yanayosemwa si kweli, hunyamaza kwa kuwa kumtetea mgeni kunaweza kumpunguzia nafasi yake miongoni mwa watu atakaoishi nao hadi kufa.

Habari ya namna hii ikishakomaa, hata ukweli huilisha. Mwezi Mei 1969, katika mji wa Orléans nchini Ufaransa, ulienea uvumi kwamba wasichana waliokuwa wakiingia katika maduka fulani ya nguo walidungwa dawa katika vyumba vya kujaribia mavazi, wakalala, kisha wakasafirishwa ng'ambo kuuzwa kwenye ukahaba. Wenye maduka yaliyotajwa walikuwa karibu wote Wayahudi. Hakukuwa na msichana hata mmoja aliyeripotiwa kupotea. Mwanasosholojia Edgar Morin alikwenda huko na wenzake kuchunguza, na katika waliyoyaeleza lipo hili: hoja kwamba hakuna aliyepotea haikuuzima uvumi huo, kwani watu walianza kusema kwamba polisi na magazeti wamehongwa ili wanyamaze. Wafanyabiashara hao walikuwa wakiwauzia nguo majirani wale wale waliokuja kusimama mbele ya maduka yao wakiwatazama kwa chuki. Kufahamiana kwa juu juu, kwa salamu na kwa biashara, hakukuwasaidia kitu siku ile.

Sehemu kubwa ya ubaguzi wa jamii ndogo, hata hivyo, haina kelele kiasi hicho. Hutendwa kwa sauti ya upole na watu ambao ukiugua watakuletea uji. Niliwahi kuhudhuria kikao cha kamati ya maji ambamo mama mmoja aliyekuwa amehamia kutoka mbali alisimama na daftari mkononi. Alieleza kwa utaratibu kwamba bomba linavuja mahali fulani chini ya ardhi, na kwamba ndiyo sababu nyumba za juu hazipati maji alfajiri. Alikuwa ameikagua mita kuu usiku, bomba zote za nyumbani zikiwa zimefungwa, akakuta sindano yake bado inazunguka. Mwenyekiti alimwambia, "Asante dada, tumekusikia," akaita ajenda iliyofuata. Baadaye, mazungumzo yakiwa yamekwisha kwenda kwingine na kurudi, mzee mmoja mwenyeji alisema polepole kwamba huenda bomba linavuja. Kikao kizima kiliitikia. Katibu akaandika kwamba mzee amependekeza bomba likaguliwe, na wakachaguliwa vijana wa kwenda kuchimba. Nilimtazama yule mama. Alilifunga daftari lake, akalitia mkobani, akakaa na mikono magotini hadi dua ya kufunga.

Hakuna aliyemtukana. Nina hakika kwamba kama ungemuuliza mwenyekiti angeshangaa kwa dhati, na yule mzee hakukusudia kumnyang'anya mtu hoja yake. Pengine aliisikia bila kujua kwamba ameisikia. Lakini mama huyo alipunguza kuja vikaoni, kisha akaacha kabisa, na haukupita muda nikasikia watu wakisema kwamba hawa waliohamia hawapendi kushiriki mambo ya jamii. Mtu anasukumwa nje taratibu, na akishatoka, kutoka kwake kunatumika kueleza kwa nini hakufaa kuwa ndani. Ukimwita arudi bila kubadilisha namna anavyosikilizwa, unamwita aje kudhalilika mara ya pili.

Wako wengine wanaoishi katika hali hiyo bila kuitwa wahamiaji. Mwanamke aliyeolewa kutoka kwingine anaweza kuzaa watoto, kuwazika wakwe zake na kuwa bibi wa wajukuu, na siku ya ugomvi akakumbushwa alikotoka. Mwalimu, muuguzi au kiongozi wa dini aliyepangiwa kazi hapo huheshimiwa kwa cheo chake, kisha hugundua kwamba heshima hiyo haimpi rafiki hata mmoja wa kumtembelea jioni bila shida ya kutatuliwa. Wanaoniuma zaidi ni watoto. Mtoto aliyezaliwa hapo, asiyejua kwingine kokote, huulizwa na watu wazima, tena kwa mapenzi, "Kwenu ni wapi?" Akitaja hapo hapo alipo, hucheka na kumuuliza tena, "Hapana, kwenu hasa." Baada ya kuulizwa hivyo mara nyingi, mtoto hujifunza kutaja mahali ambapo hajawahi kupaona, na tangu siku hiyo amekwisha kukubali kwamba alipo si kwao.

Sitaki kuwadhulumu wenyeji katika haya ninayoyasema. Jamii ndogo ina sababu za kweli za kuwa na tahadhari, na anayezidharau sababu hizo hajui jinsi maisha ya huko yalivyo. Mahali ambapo watu hukopeshana kwa neno la mdomo, tapeli mmoja anaweza kuvuruga kuaminiana kulikojengwa kwa miaka mingi. Ardhi na maji vina mwisho. Wapo wageni waliofika na fedha nyingi, wakanunua kila kilichouzwa, bei zikapanda, na vijana wa hapo wakakosa pa kujenga. Na wapo wageni waliofika na dharau, wakiwaona wenyeji kuwa ni watu wa nyuma. Hofu inayotokana na mambo hayo inastahili kusikilizwa na kujibiwa. Ninachokiangalia mimi ni kama hofu hiyo ina mwisho. Tahadhari humtazama mtu fulani na jambo fulani, na jambo hilo likithibitishwa kuwa halipo, mtu huachwa huru. Mahali ambapo hakuna ushahidi wowote utakaomtosha mwenyeji, na ambapo hakuna ajuaye ni lini mtu wa kuja atahesabiwa kuwa mwenzao, tahadhari imekwisha kuondoka zamani na kilichobaki ni kitu kingine kinachotumia jina lake.

Kwamba mwelekeo huu umo ndani ya binadamu wote, hilo sina shaka nalo. Henri Tajfel, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Bristol, alichapisha mwaka 1970 majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule wenye umri wa miaka 14 na 15. Aliwagawa katika makundi kwa sababu zisizo na maana yoyote, kama vile namna walivyokisia idadi ya vitone kwenye skrini, kisha akawapa nafasi ya kugawa fedha kidogo kwa wavulana wengine ambao hawakuwaona, waliotambulishwa kwa namba na kundi tu. Wengi waliwapendelea wa kundi lao. Lililoshangaza zaidi ni kwamba mara nyingi walichagua wenzao wapate kidogo, alimradi wale wa kundi jingine wapate pungufu kuliko wao. Kama vitone vinaweza kuzaa hilo kwa siku moja, si ajabu kwamba vizazi vitatu vya kuishi mahali pamoja vinaweza kuzaa mengi. Hata hivyo wapo wanaoitumia habari hii kama udhuru, wakisema kwamba ndivyo tulivyoumbwa, na mimi siwafuati huko. Njaa nayo tumeumbwa nayo, lakini hatumwachii mwenye njaa kula chakula cha mwenzake.

Na jambo hili likiachwa lijiendee, lina mahali linapofika. Mwezi Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalianza katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, yakasambaa katika sehemu nyingine za Afrika Kusini, na watu 62 wakauawa. Kati yao 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Wako waliopimwa kwa matamshi ya Kizulu na kwa sura zao, na aliyeshindwa alihesabiwa kuwa ni wa nje. Idadi hiyo ya 21 inanitisha kwa namna yake, kwa kuwa inaonyesha kwamba mara tu kazi ya kupambanua nani ni mwenzetu inapokabidhiwa kundi la watu wenye hasira, hakuna mwenyeji aliye mwenyeji wa kutosha.

Nilisema kwamba mzizi uko katika mshikamano, na ningekuwa nimeukosea haki mshikamano huo kama ningeishia hapo, kwa maana ipo historia inayoonyesha kwamba nguvu hiyo hiyo inaweza kuelekezwa kwingine kabisa. Kati ya mwaka 1940 na 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakazi wa Le Chambon-sur-Lignon na vijiji vilivyouzunguka, katika nyanda za juu kusini mwa Ufaransa, waliwaficha maelfu ya watu waliokuwa wakisakwa na Wanazi na serikali ya Vichy, yaani serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Wajerumani, wengi wao wakiwa Wayahudi na miongoni mwao watoto wengi. Wageni hao walikuwa na lafudhi ngeni na dini ngeni, baadhi hawakujua Kifaransa vizuri, na walikuja katika kipindi cha njaa na mgawo wa chakula. Kila sababu tunayoitaja leo ya kumwogopa mtu wa kuja ilikuwapo pale, tena ikiwa imeongezewa adhabu ya kufungwa au kufa.

Walioongoza walikuwa watu wa hapo na watu waliohamia hapo. Mchungaji André Trocmé na mkewe Magda walikuwa wamefika mwaka 1934 tu, wakiwa wageni wenyewe. Askari walipokuja kusaka, walikuta kijiji kizima hakijui lolote. Kule kujuana ambako kwingine husambaza masengenyo, pale kulisambaza tahadhari kutoka nyumba hadi nyumba, na kule kufunga mdomo mbele ya mtu wa nje kuligeuzwa kuwa ngao ya mtu wa nje. Wapo waliolipa kwa maisha: Daniel Trocmé, ndugu wa ukoo wa mchungaji, alikamatwa mwezi Juni 1943 pamoja na wanafunzi aliokuwa akiwalea, akafia katika Majdanek, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland, mwaka uliofuata. Wakazi wengi wa eneo hilo walikuwa Waprotestanti, wazawa wa watu waliowahi kuteswa na kuwindwa kwa ajili ya imani yao, na kumbukumbu hiyo ilisimuliwa majumbani kwa karne nyingi. Walikuwa na picha ya wao ni nani ambayo ndani yake aliyefukuzwa alikuwa na nafasi tayari.

Nalisoma jambo hilo hivi: jamii ndogo hujieleza yenyewe kwa hadithi, na hadithi hiyo huamua mgeni ataingia kwa mlango upi. Pale ambapo wazee husimulia tu jinsi mababu walivyolinda mipaka, mtoto hukua akiamini kwamba kulinda mipaka ndiko kuwa mtu wa hapo. Lakini karibu kila jamii, ukirudi nyuma vya kutosha, ina babu aliyefika usiku akiwa na mzigo kichwani na akapokewa na mtu. Hadithi hiyo ipo, ila haisimuliwi mara kwa mara, na ningependa sana isimuliwe na wazee wenyewe, kwa kuwa ikisemwa na mgeni itaonekana ni dai.

Hadithi peke yake haitoshi. Mwaka 1954 mambo mawili yalitokea ambayo yanasaidia kuona kinachotosha. Katika kambi ya wavulana huko Robbers Cave, Oklahoma, nchini Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif na wenzake waliwagawa wavulana 22 katika makundi mawili, wakayashindanisha hadi yakachukiana. Kuwakutanisha tu, kwa kula pamoja au kutazama filamu pamoja, kulileta ugomvi zaidi, na chakula kikarushwa hewani. Uhasama ulipungua pale maji ya kambi yalipokatika na wote wakalazimika kutafuta hitilafu, na pale lori lililoleta chakula lilipogoma kuwaka na wote wakashika kamba moja kulivuta. Mwaka huo huo mwanasaikolojia Gordon Allport aliandika kwamba kukutana kwa makundi hupunguza chuki hasa pale watu wanapokutana wakiwa na hadhi sawa, wakiwa na lengo moja, wakilishughulikia kwa ushirikiano, na viongozi au sheria zikiliunga mkono jambo hilo. Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 juu ya suala hilo, wakaona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki hata masharti hayo yasipotimia yote, na yanapotimia hupungua zaidi.

Sharti la hadhi sawa ndilo ninaloliona likirukwa kila mahali. Mtu wa kuja huitwa kwenye kazi ya pamoja ya kuchimba mtaro, na haitwi kwenye kikao kilichoamua mtaro upite wapi. Huchangia fedha sawa na wengine, kisha huambiwa asubiri kidogo kabla ya kugombea uongozi, na hilo kidogo halina tarehe. Kwa hiyo ombi langu kwa yeyote aliye na kiti katika kamati, chama au baraza la jamii ndogo ni la kazi, na linaweza kuanza katika kikao kijacho. Katiba yenu iseme kwa maandishi ni muda gani wa kuishi hapo unampa mtu haki ya kupiga kura na kugombea, na muda huo ukiisha asihitaji kuombewa na mtu. Muhtasari uandike hoja kwa jina la aliyeitoa kwanza, na usomwe kwa sauti kabla ya kikao kufungwa, ili aliyesahauliwa aweze kusahihisha pale pale. Na mwenyeji anayesikia jambo likisemwa mara ya pili kana kwamba ni jipya, anyooshe mkono na kusema, "Mwenyekiti, hilo dada alilisema mwanzoni, naomba aendelee kulieleza." Mgeni mwenyewe hawezi kulisema hilo bila kuonekana mgomvi, ilhali mwenyeji akilisema hakuna anayeweza kumuuliza kwao ni wapi.